Wasifu wa Mtu Anayeombewa Dhamana

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili anaijua habari ya mahakamani inayotoka Geita hata kabla hajaimaliza. Linaanza jina. Unafuata umri kwenye mabano, kisha kazi, mara nyingi "mchimbaji", kisha makazi: mkazi wa Kalangalala, mkazi wa Nyankumbu, mkazi wa Katoro. Halafu kosa. Baada ya hapo sentensi zinajipanga zenyewe. Mshtakiwa hakutakiwa kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Upelelezi haujakamilika. Shauri limeahirishwa kwa wiki mbili. Mshtakiwa amerudishwa rumande kwa sababu kosa linalomkabili halina dhamana.

Ninasoma shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikikusanya habari za namna hii kwa ajili ya tasnifu yangu, na likizo zote nimezitumia Kalangalala, mjini Geita, nilikokulia. Kuna walioniuliza kama huu ni utafiti wa fasihi au wa sheria. Jibu langu linaanzia kwenye ile sentensi ya mwisho. Isome tena kama unavyosoma mstari wa hadithi: kosa linalomkabili halina dhamana. Nani ametenda nini hapo? Hakuna aliyekataa. Hakimu hakukataa, kwa maana hakuulizwa. Mwendesha mashtaka hakupinga, kwa maana hakukuwa na ombi la kupinga. Kiima cha sentensi ni kosa. Kosa ndilo lenye dhamana au lisilo nayo, na mtu amebaki kuwa mahali ambapo kosa limekaa.

Hoja yangu ni hii: dhamana ni swali kuhusu mtu, na sheria yetu, kwa makosa kadhaa ya ukatili, imeligeuza kuwa swali kuhusu jina la kosa. Ninataka kuonyesha jinsi mageuzi hayo yanavyoonekana ndani ya maandishi yenyewe: hati ya kiapo, hukumu, hati ya mashtaka na gazeti. Haya yote ni maandishi ya kweli kuhusu watu wa kweli, na wengi wetu tuliozoea kuhakiki riwaya hatuyagusi.

Tuanze na neno. Dhamana lilitufikia kutoka Kiarabu, na Kiswahili kikalipa kazi nyingi. Kuna waziri mwenye dhamana ya elimu. Kuna mzee anayemwambia kijana aliyechaguliwa kuwa uongozi ni dhamana. Kuna mdhamini wa timu ya mpira, na kuna mdhamini wa mkopo wa kikundi cha akina mama. Katika kila matumizi yupo mtu aliyebeba kitu ambacho si chake peke yake, naye ndiye atakayeulizwa kikipotea. Ukiliangalia hivyo, dhamana ya mahakamani ni ushuhuda wa kufahamiana. Watu wawili wanasimama mbele ya hakimu na kusema: huyu tunamjua, tukimwita atakuja.

Kwa kosa ambalo sheria inaruhusu, tuseme kujeruhi vibaya, familia ya Kalangalala inaujua mzunguko wake. Mama anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mtendaji, kutafuta barua yenye picha na mhuri. Anatafutwa mtu mwenye kitambulisho cha taifa, mwenye nyumba au kiwanja, na mara nyingi mahakama hutaka mdhamini mmoja awe mtumishi wa umma. Shemeji mwalimu anapigiwa simu. Anasitasita, kwa sababu ndugu akiruka dhamana ni yeye atakayetafutwa. Huo mzunguko unachosha, lakini una maana: ndio njia ya mtaa kusema unamjua nani.

Sasa mchukue mchimbaji aliyefika Geita miezi mitatu iliyopita kutoka Kigoma. Amepanga chumba kimoja na wenzake wawili. Mwenyekiti wa mtaa hajawahi kumwona. Wenzake wanahama kila kunapotokea rashi, yaani dhahabu inapoibuka mahali papya na watu wakamiminika huko. Kosa lake lina dhamana kisheria, ila yeye hana. Hapa ndipo kazi ya wakili inapoanza, na mimi nathubutu kusema kuwa ni kazi ya uandishi.

Hati ya kiapo inayoambatana na ombi la dhamana ina umbo lake, na umbo hilo ni la kikatili. Aya zimepewa namba. Kila aya inaanza na neno "Kwamba". Kwamba mimi ni Mtanzania, mtu mzima. Kwamba ninayaelewa vyema mambo ninayoyaeleza hapa. Ukizisoma nyingi kwa pamoja unagundua kuwa zilizo dhaifu zina ugonjwa mmoja: zinasifu bila kueleza. Kwamba mwombaji ni raia mwema. Kwamba mwombaji hataruka dhamana. Kwamba mwombaji ni mtu wa familia. Sentensi hizo zingeweza kumhusu mtu yeyote, kwa hiyo hazimhusu mtu yeyote. Hakimu anazipita kama tunavyopita matangazo.

Hati nzuri inafanya kile ambacho mwandishi mzuri wa kumbukumbu za kweli anafanya. Inaleta jambo dogo linaloweza kuthibitishwa. Kwamba mwombaji amekuwa akilipa pango kwa mwenye nyumba mmoja kwa miaka minne. Kwamba mtoto wake yuko darasa la tatu katika shule iliyo umbali wa kutembea kutoka nyumbani. Kwamba siku polisi walipompigia simu alikwenda mwenyewe kituoni, na jina lake limo katika kitabu cha siku hiyo. Upande wa mashtaka nao una hofu zake za halali: atakimbia, atawatisha mashahidi, atadhuriwa na watu wenye hasira. Hati nzuri inajibu kila hofu kwa ukweli mmoja. Kama mlalamikaji ni jirani, mwombaji yuko tayari kukaa kwa mjomba wake Sengerema mpaka shauri liishe, na mjomba mwenyewe anaapa. Kama ana pasi ya kusafiria, anaikabidhi. Kama mahakama inataka aripoti kituoni kila Jumatatu, ataripoti.

Ndiyo maana nasema hati ya kiapo ni wasifu mfupi ulioandikwa chini ya tishio. Mwandishi wa wasifu wa kawaida akitia chumvi, anapata mhakiki mkali. Hapa akitia chumvi, anapata kesi ya kuapa uongo. Sioni maandishi mengi ya Kiswahili yanayobanwa hivyo na ukweli.

Lakini kuna makosa ambayo wasifu huo hauruhusiwi kuandikwa. Ili kuelewa tulifikaje hapo, inabidi turudi Mwanza mwaka 1989, wakati Geita ilikuwa bado wilaya ya mkoa huo. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012.

Mwaka ule mtu aitwaye Daudi Pete, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, alinyimwa dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilikuwa na kifungu, 148(5)(e), kilichokataza dhamana kwa yeyote ambaye kosa lake lilihusisha shambulio kubwa au tishio la ukatili dhidi ya mtu mwingine, au kuwa na bunduki au vilipuzi. Hati ya Haki za Binadamu ilikuwa imeingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini ilianza kudaiwa mahakamani mwaka 1988 tu. Wino ulikuwa bado mbichi. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kuwa kifungu kile kinakiuka Katiba, na Daudi Pete akapewa dhamana. Serikali ikakata rufaa, na rufaa hiyo, namba 28 ya mwaka 1990, ikaandikiwa hukumu na Jaji Mkuu Francis Nyalali.

Nimeisoma hukumu ya Nyalali mara nyingi, na kila mara ninaisoma kama insha. Ina sifa ambayo ni adimu katika maandishi ya kisheria: haimdhihaki mpinzani wake. Inakubali kuwa Katiba yetu inalinda mtu binafsi na pia inalinda jamii, na kwamba haki na wajibu vinakaa nyumba moja. Inakataa baadhi ya hoja za Mwalusanya. Kumnyima mtu dhamana, inasema, si lazima iwe sawa na kumtendea kama aliyekwisha kutiwa hatiani. Msomaji anaanza kudhani Serikali imeshinda. Halafu hukumu inageuka. Jamii ina haki ya kujilinda dhidi ya mtu wa hatari, lakini sheria inayotunga ulinzi huo isiwe pana kiasi cha kuwakumba hata wasio wa hatari. Kifungu hiki ni wavu wa namna hiyo. Tena hakiweki utaratibu wowote wa kutenganisha mtu na mtu. Rufaa ya Serikali ikashindwa.

Kiini cha insha hiyo ni swali moja: mtu huyu ni wa hatari? Haliwezi kujibiwa kwa kutazama jina la kosa pekee. Linahitaji wasifu. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa zaidi lililowahi kusemwa katika Tanzania kuhusu dhamana, na limesemwa bila kupaza sauti.

Lakini hukumu hiyo hiyo ina pengo, na mhakiki hana budi kulitaja. Daudi Pete mwenyewe hayumo. Tunajua jina lake na shtaka lake. Sijui alikuwa anafanya kazi gani, alikuwa na umri gani, alikuwa na nani nyumbani. Hukumu iliyosisitiza kuwa lazima tumtazame mtu imeandikwa bila kumtazama mtu wake. Najua mahakama ya rufaa hushughulikia hoja za sheria, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa mbele yake. Hata hivyo, leo jina la Daudi Pete linatajwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini kama namba ya ukurasa. Amekuwa kifungu. Ninahofu kuwa ukimya huo uliifanya kazi ya waliokuja baadaye kuwa rahisi.

Kwa sababu waliokuja baadaye walirudisha orodha. Kile kifungu cha zamani kuhusu shambulio na tishio la ukatili kilikufa, na herufi yake ya (e) ikaja kubeba habari za thamani ya mali. Lakini mwanzoni mwa 148(5), namba ambayo wanasheria wameizoea kwa miaka mingi, kuna orodha ya makosa yaliyofungiwa mlango: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, kunajisi, na mengine yaliyoongezwa kadiri miaka ilivyokwenda, yakiwemo ya dawa za kulevya, ugaidi, utakatishaji fedha na usafirishaji haramu wa binadamu.

Isome orodha hiyo kama mhakiki, yaani angalia kilichomo na kisichomo. Kujaribu kuua hakumo. Mtu anayedaiwa kumkata mwenzake kwa panga kwa nia ya kumtoa uhai anaweza kuomba dhamana, na jaji atamsikiliza. Mtu anayedaiwa kuonyesha panga na kuondoka na simu hawezi kusikilizwa hata akiwa na wadhamini kumi. Sisemi wa kwanza anyimwe. Nasema kuwa orodha inayodai kupima hatari ya mtu imeshindwa mtihani huo rahisi.

Hali ni ngumu zaidi katika mji wa dhahabu. Kifungu kilichozoeleka kama 287A cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo kisichopungua miaka 30, kinaliita tukio kuwa ni unyang'anyi wa kutumia silaha endapo mwizi aliyetumia nguvu au kutishia kuitumia alikuwa na silaha au chombo chochote cha hatari. Chombo chochote. Sasa nenda kwenye maduara ya wachimbaji wadogo asubuhi. Kuna nyundo, tindo, sururu, mtalimbo. Kuna panga la kukatia miti ya kuegemeza kuta za shimo. Huku kila mtu amebeba chombo cha hatari kwa sababu kila mtu amekwenda kazini. Watu wanagombana juu ya kiroba cha mawe: huyu anasema ni mgawo wake, yule anasema ameibiwa. Mmoja ameshika nyundo, kama alivyoishika tangu alfajiri. Kiroba kinaondoka. Hapo ofisa anayeandika hati ya mashtaka ana maneno mawili mbele yake, "nguvu" na "silaha". Akiandika la kwanza, kijana atatafutiwa wadhamini. Akiandika la pili, kijana hatatoka mpaka shauri liishe, na huenda likaisha kwa kuachiwa huru baada ya miaka. Neno moja limefanya kazi ya hukumu, na hakuna aliyeapa chochote.

Wakili wa mteja wa namna hiyo hana hati ya wasifu ya kuandika. Anachoweza ni kugombana na neno. Anaandika kwa upande wa mashtaka kuomba shtaka litazamwe upya: mauaji yabadilike kuwa kuua bila kukusudia, ambalo lina dhamana; silaha irudi kuwa nguvu. Barua hizo hazisomwi hadharani. Maombi ya dhamana husikilizwa mahakamani, mbele ya mama na mjomba waliokaa kwenye benchi. Mazungumzo juu ya neno hufanyika ofisini. Kwa hiyo orodha haikuiondoa hiari ya kuamua nani atoke na nani abaki. Imeihamisha kutoka kwa hakimu, anayelazimika kutoa sababu, na kuipeleka kwa mwandishi wa shtaka, asiyelazimika.

Mahakama zimeliona hilo angalau mara moja. Kulikuwa na kifungu kingine, 148(4), kilichomruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa cheti chake tu. Wakili Jeremia Mtobesya alikipinga. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2015 na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2018: huwezi kufunga mlango bila kumsikiliza aliye nyuma yake. Mei 2020, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, Mahakama Kuu ilisema orodha ya 148(5) nayo inakiuka Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na orodha ikabaki. Kwa hiyo leo tuna hali hii ya ajabu: kwa kifungu kile Mkurugenzi hawezi kuzuia dhamana kwa kusaini cheti, lakini jina la kosa linaweza.

Hadi hapa naweza kusomwa kama mtu aliyesahau anakoishi. Sijasahau. Huu ni ukanda ambao katika miaka ya 2000 ulijulikana duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino, na ambao bibi zetu waliuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu baada ya maisha yote ya kupikia kuni na samadi. Neno "wakata mapanga" huku halihitaji maelezo. Orodha ya makosa yasiyo na dhamana haikushuka kutoka hewani. Ilipokelewa na watu waliochoka kuzika.

Karibu na nyumbani kuna mama mmoja ambaye mkono wake wa kushoto haukunjiki vizuri. Alijeruhiwa katika ugomvi wa mpaka wa kiwanja, na aliyeshtakiwa alipewa dhamana, kwa haki kabisa kisheria. Siku moja nilimuuliza alipataje habari.

"Nani angeniambia, mwanangu?" alisema. "Nilimkuta dukani ananunua vocha. Akanisalimia."

"Ukaitikia?"

"Niliitikia. Ningefanyaje? Nikarudi nyumbani nikafunga mlango saa kumi jioni."

Sina njia ya kuhakiki dhamana bila kuijibu saa kumi jioni ile. Hofu yake ni ya kweli. Lakini ninapoitazama kwa makini naona kuwa kilichomwumiza si kwamba mtu yule alitoka. Alitoka bila yeye kuulizwa lolote, bila kuambiwa, na bila sharti lolote alilolijua. Katika karatasi zile zote wasifu wake yeye haukuandikwa pia. Alikuwa "mlalamikaji". Kwamba nyumba zao zinatazamana, kwamba wanachota maji bomba moja, hakuna aya iliyoanza na "Kwamba" kuhusu hayo. Orodha isingemsaidia, kwa kuwa kosa lile halimo. Maswali yangemsaidia.

Majirani zetu wa Kenya wamejaribu njia ya maswali. Kabla ya Katiba ya 2010 nao walikuwa na orodha: mauaji, uhaini, wizi wa mabavu. Ibara ya 49(1)(h) ya Katiba mpya iliifuta. Kila mshtakiwa, hata wa mauaji, ana haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Katika kesi nzito kumezuka aina mpya ya maandishi: ripoti ya ofisa wa probesheni, ambaye huenda kijijini, huongea na familia ya mshtakiwa, huongea na chifu, na huongea na familia ya aliyeuawa au aliyejeruhiwa. Sheria yao ya kuwalinda waathiriwa ya mwaka 2014 inataka usalama wa mwathiriwa uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa. Hakuna ajuaye nchi ambako hili linakwenda bila lawama, na Wakenya wenyewe hulalamika kila mshtakiwa maarufu anapotoka. Lakini kama mhakiki ninachokiona ni maandishi yenye wahusika wawili badala ya kosa moja. Jaji anaweza kusema hapana, na mara nyingi husema. Akisema hapana, analazimika kuandika kwa nini, kuhusu mtu huyu, katika mtaa huu.

Kuna swali la lugha ambalo wasomaji wa jarida hili hawatalikwepa. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki Tanzania. Hukumu ya Daudi Pete iliandikwa kwa Kiingereza, na ndiyo maana mama wa saa kumi jioni hakuwahi kujua kuwa Jaji Mkuu mmoja aliwahi kuuliza nani ni wa hatari. Kadiri hukumu na viapo vinavyoandikwa kwa Kiswahili, vinapata wasomaji wapya, na wasomaji wapya wana haki ya kuhakiki. Tunaweza kuanza na maneno ya mtaani. Mtu akitoka kwa dhamana, Kalangalala husema "ameachiwa". Wengine huongeza "ametoa hela". Kesi yake bado inaendelea, masharti yake yako pale pale, lakini neno limeshamaliza kesi. Na neno likishamaliza kesi, kinachobaki ni lile kundi ambalo magazeti hulitaja bila majina, "wananchi wenye hasira kali". Gazeti linaloandika "yuko nje kwa dhamana, haruhusiwi kuukaribia mtaa wa mlalamikaji, anaripoti polisi kila Jumatatu" limeokoa maisha kwa gharama ya mstari mmoja.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaodhani uandishi wa kweli wenye thamani huanza pale mwandishi anapojieleza nafsi yake. Katika ukanda huu kuna vijana ambao maandishi ya kweli pekee yatakayowahi kuandikwa juu yao ni hati ya mashtaka. Wakili mwenye hati ya kiapo, msaidizi wa kisheria anayemsikiliza mama akieleza mwanawe analala wapi, ripota mwenye nafasi ya mstari mmoja baada ya umri na kazi: hao ndio waandishi wetu wa wasifu, wapende wasipende. Kazi yao ina kanuni ile ile ninayofundishwa darasani, kwamba jambo dogo la kweli linamshinda msifu yeyote.

Ninachoiomba sheria ni kidogo kuliko inavyodhaniwa. Siombi mlango ufunguliwe kwa kila anayebisha. Mtu akishtakiwa kwa mauaji au kwa unyang'anyi wa silaha, jaji apewe karatasi mbili, moja juu yake na moja juu ya aliyeumizwa, kila moja ikiwa imeapwa. Azisome zote mbili. Kisha aandike uamuzi ambao kiima chake ni mtu.